Miezi Saba na Kiswaswadu: Tathmini ya Simu Niliyoinunua kwa Yale Isiyoyafanya

Simu ninayoifanyia tathmini hapa niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa shilingi 45,000, ikiwa na chaja yake na betri ya kuchomoa. Ni simu ya vitufe, ile ambayo Dar es Salaam tunaiita kiswaswadu au kitochi, na ambayo ndugu zetu wa Kenya huiita kabambe au mulika mwizi: ina kioo kidogo, tochi kichwani, redio, na nafasi ya laini mbili. Haina WhatsApp, haina ramani, haina barua pepe. Sitaitaja chapa yake, kwa sababu nitaeleza kasoro zake, nazo nimeziona kwenye simu moja tu, hii iliyo mkononi mwangu. Kijana aliyeniuzia alinitazama akauliza, "Dada, unampelekea bibi kijijini?" Nilipomwambia kwamba naichukua mwenyewe, akanipa pole akidhani nimeibiwa simu janja. "Sijaibiwa, mdogo wangu," nilimjibu. "Naiacha ile." Hakuuliza zaidi, alinionyesha namna ya kuwasha tochi, akaniandikia risiti.

Nimeitumia kwa miezi saba bila kuchanganya na simu nyingine, kwa kuwa simu janja yangu nilimpa mdogo wangu aliyeko Morogoro siku ileile nilipohamisha laini. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wote walioniambia kwamba waliwahi kujaribu wakashindwa walikuwa wameihifadhi simu ya zamani kabatini, nayo ikarudi mkononi kabla ya wiki mbili kwisha.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo mjini, na kwa anayeishi Dar es Salaam sina haja ya kueleza sana maana ya kazi hiyo nje ya ofisi: mhasibu huwa mweka hazina wa kila kitu. Mwaka jana nilikuwa katika makundi 41 ya WhatsApp, na katika sita kati ya hayo nilishika fedha. Zilikuwapo kamati mbili za harusi, moja ya sendofu, moja ya kipaimara, umoja wa tuliosoma pamoja, na mfuko wa ukarabati wa nyumba ya ukoo. Kazi ya mweka hazina wa kamati haiishii kwenye kupokea pesa. Kila jioni orodha ya ahadi hubandikwa upya, jina la aliyetoa likiwekewa alama na la ambaye hajamalizia likibaki wazi mbele ya watu mia. Aliyetuma kwa laini ya mkewe hulalamika kwamba jina lake halijaonekana. Mwenye ahadi ya laki mbili hunitafuta pembeni akiomba ipunguzwe iwe laki moja bila watu kujua. Na mwenyekiti huuliza saa nne usiku tumefikia ngapi, maana mwenye ukumbi anataka malipo ya awali. Hao wote ni watu wema wanaofanya jambo jema, na ugumu wangu ulikuwa hapo hasa, kwa sababu hapakuwa na hata moja ambalo ningeweza kulikataa kwa kuwa ni baya.

Neno letu lenyewe, shughuli, limebeba mambo mawili kwa pamoja. Tunasema "nina shughuli" tukimaanisha kwamba hatuna nafasi, na tunasema "Jumamosi kuna shughuli kwa shangazi" tukimaanisha harusi au arobaini, kisha tunamalizia kwa kusema kwamba shughuli ni watu. Kwa hiyo anayetaka kupunguza shughuli huonekana anapunguza watu, na ndiyo maana wengi wetu hukwepa kufika huko na kutafuta ufumbuzi kwenye mipangilio ya simu. Hata mimi nilianzia hapo. Nilizima sauti za makundi, nikaziondoa zile alama mbili za buluu ambazo WhatsApp iliziingiza mwaka 2014, nikaanza kuilaza simu sebuleni. Hakuna kilichopungua, kwa sababu nilikuwa bado nimo, na aliyemo hudaiwa jibu hata akinyamaza. Nilichohitaji ni kifaa ambacho hakina pa kuliweka kundi, ili kila nilichokuwa nikikifanya kwa mazoea kihitaji kuamuliwa upya kama nakitaka au sikitaki. Nimeipima simu hii kwa kazi hiyo kwanza, na kwa mengine baadaye.

Linalowatia watu hofu zaidi ni pesa, na hapo hofu haina msingi. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na ilipoingia Tanzania mwaka uliofuata, simu zilizokuwa mikononi mwa watu wengi zilikuwa za vitufe, kama ile Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyokuwa na tochi na vitufe vilivyofunikwa visiingie vumbi, na ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Huduma ilijengwa ifuate simu hizo, na njia ile haikufungwa. Napiga *150*00# kwa M-Pesa, au *150*60# kwa Airtel Money, na menyu inafunguka kama ilivyokuwa ikifunguka zamani. Nikinunua umeme, tarakimu 20 za LUKU huingia kwa ujumbe mfupi. Bili ya maji na malipo ya serikali nayalipa kwa namba ya malipo; benki ninayoitumia ina menyu yake ya namba; na namba za siri za uthibitisho huja kwa ujumbe uleule wa kawaida. Kwa miezi saba sijashindwa kulipa chochote. Angalizo langu ni kwamba menyu hujifunga ukichelewa, na kwenye simu hii huwezi kuufungua ujumbe huku menyu ikiwa wazi, kwa hiyo namba ya malipo ni lazima uiandike kwenye karatasi kabla ya kuanza. Siku hizi natembea na kidaftari cha ukubwa wa kiganja, ambacho kimekuja kunifaa kwa mengine pia.

Kuandika ujumbe kwa vitufe ni kazi, na nilidhani ndiko kutakakonirudisha kwenye simu janja. Kila kitufe kina herufi tatu au nne, herufi S hupatikana kwa kubonyeza 7 mara nne, na kamusi ya kukisia maneno iliyomo ndani haijui Kiswahili, kwa hiyo niliizima. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160. Baada ya wiki chache nilijikuta nikihesabu, nikagundua kwamba "ndiyo" huhitaji kubonyeza mara 12, ilhali "hapana" huhitaji mara 8. Siwezi kudai kwamba vitufe ndivyo vilivyonifundisha kukataa. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba lile jibu la katikati, "ngoja niangalie, nikipata nafasi nitakujulisha", ambalo zamani nililituma pengine mara kumi kwa siku, limekufa kabisa, kwa sababu hakuna mwenye subira ya kuliandika herufi kwa herufi. Jibu lile lilinichosha kuliko kukataa kokote, maana lilimwacha mtu akisubiri huku nami nikijua kwamba anasubiri. Sasa naandika kifupi, na jambo likiwa refu napiga. Mazungumzo ya dakika tatu humaliza kile ambacho kingechukua ujumbe thelathini na kuacha mmoja wetu amenuna.

Simu haikunifanyia kazi ya kuaga. Wiki moja kabla ya kwenda Kariakoo niliandika kwenye daftari mambo ambayo sitayafanya tena: kushika fedha za kamati yoyote, kuhudhuria vikao vya maandalizi ingawa mchango wangu nitautoa na siku yenyewe nitakuwepo, na kujibu mambo ya ofisi baada ya saa kumi na mbili jioni. Misiba na wagonjwa sikuvigusa, wala kikoba chetu cha wanawake kumi na wanane, kwa kuwa hicho tunakutana ana kwa ana na kila mmoja anashika daftari kwa zamu. Kisha nilikwenda kwa wenyeviti mmoja baada ya mwingine, nikiwa na hesabu zilizofungwa hadi senti ya mwisho, kwa sababu anayeacha fedha za watu katikati bila makabidhiano hujitafutia jina baya ambalo halitafutika. Wawili walielewa haraka. Mmoja alinuna, na hadi leo salamu yake ni fupi. Aliyenipa wakati mgumu kuliko wote ni mjomba wangu, ambaye alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini, akauliza, "Mwanangu, mtu akifa utajuaje?"

"Mtanipigia, mjomba."

"Na kila mmoja akidhani mwenzake amekupigia?"

Sikuwa na jibu siku ile, na mwezi wa tatu likatokea hilohilo. Baba wa rafiki yangu niliyesoma naye sekondari alifariki, taarifa ikatolewa kwenye kundi la tuliosoma pamoja, na kila mtu akadhani kwamba mwingine ameshanipigia. Habari ilinifikia siku ya tisa baada ya mazishi, kituoni Kimara, kwa kukutana tu na mwenzetu mmoja. Nilikwenda kwa rafiki yangu jioni ileile, nikakaa naye hadi usiku. Hakunilaumu, alisema tu, "Nilikuwa nakutafuta kwa macho." Naomba anayeisoma tathmini hii aliweke jambo hilo kwenye mizani kabla hajafungua pochi, kwa maana ni gharama ya kweli, haikuandikwa kwenye boksi, na sikuilipa mimi peke yangu. Baada ya hapo nilichagua mtu mmoja kwa kila upande, yaani binamu kwa upande wa ukoo, rafiki mmoja kwa wale tuliosoma nao, na jirani kwa mtaa, nikaenda nyumbani kwa kila mmoja kumwomba anipigie kwa msiba na ugonjwa tu. Tangu wakati huo imekuja misiba minne, na yote niliijua siku ileile. Ningefanya hivyo kabla ya kununua simu, mambo yangekuwa mengine.

Ofisini nilitegemea mapambano ambayo hayakuja. Barua pepe naisoma kwenye kompyuta ya mezani, kuanzia saa mbili asubuhi. Kabla ya kuzungumza na mkurugenzi nilipitia ujumbe wote wa kazi ulionijia usiku kwa mwezi mzima, nikatafuta ambao usingeweza kusubiri hadi asubuhi, nikakosa hata mmoja. Kazi yetu ina tarehe zake zinazojulikana: kodi ya mishahara mwisho wake ni tarehe 7, ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20, na tarehe hizo hazizuki ghafla saa tatu usiku. Kilichokuwa kinazuka ni wasiwasi wa mtu aliyekumbuka jambo akiwa kitandani, naye akaona namba yangu inapatikana. Mkurugenzi aliikubali hoja hiyo, akaniomba tu kwamba wiki ya kufunga hesabu za mwaka niwe tayari kupigiwa hadi saa tatu. Nilikubali, na amepiga mara mbili.

Kwa upande wa nyumbani nina deni la kulisema waziwazi. Shule ya mwanangu, aliye darasa la tano, hutuma kazi za nyumbani kwenye kundi la wazazi, na aliyebaki kwenye kundi hilo ni mume wangu. Sehemu ya nafasi niliyoipata, kwa hiyo, imetoka kwake. Tulipoliona hilo tulikaa tukagawana upya: yeye anasoma matangazo ya shule na kuyaandika kwenye ubao mdogo wa jikoni, nami nimechukua kazi ya kumsimamia mtoto madaftari, ambayo zamani niliifanya nikiwa na jicho moja kwenye orodha ya ahadi. Anayetaka kununua simu hii akiwa na mwenza na watoto asijidanganye kwamba mzigo unayeyuka. Ni vizuri ajue mapema unahamia begani mwa nani, na amuulize.

Nije kwenye kifaa chenyewe. Betri hukaa siku nne, wakati mwingine tano, na hilo peke yake limenitoa kwenye utumwa wa kutafuta soketi kila ninapofika. Tochi ni nzuri kuliko ya simu janja yoyote niliyowahi kuwa nayo, kwa sababu inawashwa kwa kubonyeza kitufe kimoja gizani, na umeme ukikatika watoto wa jirani huja kuniazima. Redio inashika vituo vyote vya mjini, lakini lazima uchomeke waya wa masikioni, kwa kuwa ndio antena yake. Menyu ina Kiswahili, na Kiswahili chake kinaeleweka. Kasoro kubwa ni kumbukumbu ya ujumbe: ikijaa, ujumbe mpya hauingii, na simu huonyesha alama ndogo tu ambayo ni rahisi kutoiona. Niliwahi kukaa nusu siku nikisubiri namba ya LUKU ambayo ilikuwa mlangoni. Kila Ijumaa sasa nafuta. Tundu la chaja ni la mtindo wa zamani, na ofisini hakuna tena mwenye chaja ya kuazima. Sauti ya mtu wa upande wa pili hukwaruza kidogo nikiwa ndani ya basi. Maandishi ya kitufe cha 7 yameanza kufutika, na hilo halishangazi kwa lugha inayopenda S na R kama yetu.

Ninapopewa mwongozo wa kufika mahali, naomba maneno badala ya ramani, na watu wanajua kuelekeza vizuri mno wakilazimika: shuka kituo fulani, rudi nyuma hadi kwenye duka la Mangi, uliza kwa mama anayeuza vitumbua. Mara mbili nimepotea kabisa, mara zote mbili kwenye maeneo mapya ya nje ya mji ambako hata mitaa haijapata majina.

Safari yangu ya jioni ni kwa basi la mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara, ambayo huchukua karibu saa nzima nikihesabu na kusubiri. Miezi miwili ya kwanza saa hiyo ilinisumbua sana. Mkono ulikuwa unaingia kwenye mkoba wenyewe, unaikuta simu, unaiwasha, haukuti kitu cha kutazama. Nilikuwa na wasiwasi wa mtu aliyesahau jiko likiwaka. Sijui niueleze vipi ulipoondoka, maana haukuondoka siku moja. Nilichoona ni kwamba siku moja katika mwezi wa nne nilishuka Kimara nikiwa namjua abiria wa kiti cha pembeni kwa jina, na nikiwa nimemaliza kufikiria jambo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sasa nafika nyumbani na maneno ya kusema. Nalala saa nne.

Watu nao wamebadili njia ya kunifikia. Mwezi uliopita shangazi alitaka niwe mweka hazina wa harusi ya binti yake, na kwa kuwa hakuwa na kundi la kuniingiza, ilimbidi apande daladala mbili hadi kwangu. Nilimkaribisha, nikampa chai, nikamwambia kwamba fedha sitashika, lakini mchango wangu upo na siku tatu za mwisho nitachukua likizo nije kupika. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba kwa kweli wa kupika ndiye aliyekuwa hajampata.

Simu hii sitamshauri kila mtu aichukue. Anayeuza nguo au vyakula mtandaoni atajifungia duka lake mwenyewe. Dereva wa bodaboda anayepata abiria kwa programu hana la kuchagua. Kijana aliyeajiriwa mwaka huu, ambaye bosi wake hutoa maagizo kwenye kundi, naye hana, na itakuwa si haki kumwambia akatae. Mimi nina miaka kumi na minne kazini, na hiyo ndiyo iliyoniwezesha kuzungumza na mkurugenzi nikiwa nimeketi. Aliye na wazazi wanaougua mbali, na anayewaona kwa video kila jioni, asiiguse. Lakini kwa mweka hazina wa kamati sita, au katibu wa tano, ambaye kazi yake ya mshahara ina saa zake na bado hana jioni hata moja, naiona shilingi 45,000 kuwa bei ndogo, mradi awe ameshawaaga watu wake kwa mdomo na ameshawachagua wale wa kumpigia.

Ukiamua kwenda, nenda asubuhi kabla maduka hayajafurika, na usichukue ya kwanza unayoonyeshwa. Bonyeza *#06# uone tarakimu 15 za namba ya utambulisho, uzitume kwenda 15090 kuhakikisha kwamba simu si bandia, kwa maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizifungia simu bandia mwaka 2016 na hutaki kununua pambo. Weka laini yako humohumo dukani, pigia mtu, sikiliza sauti. Uliza kama betri yake inapatikana peke yake, kwa kuwa ndiyo itakayochoka kwanza. Mwisho fungua sehemu ya ujumbe, andika "samahani sitaweza" kwa mikono yako, na kama kitufe chochote kinakwama kabla hujafika mwisho wa maneno hayo, mwombe muuzaji akupe nyingine.